Kwa Kvale, Penye Banda la Sathre

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wahenga hao hawakupita Hegdal. Katika kata yetu asiyekuwapo ndiye mwenye kila kitu: njia panda ni yake, daraja ni lake, na nyumba unayolala wewe, uliyoipaka rangi kwa mikono yako, ni yake pia. Mimi na mume wangu Milford tunaishi kwa Engen tangu tuoane. Huyo Engen sijamwona hata kwenye picha. Alihamia Oregon kabla sijazaliwa, lakini mtu akija kunywa kahawa yangu anaaga kwake kwamba anakwenda kwa Engen, nami naitikia. Ndivyo tulivyo. Ukitaka jina lako likae mahali Hegdal, uondoke au ufe.

LaVonne Sathre hakukubali kuitikia. Mpaka leo sijaona mwanamke aliyepigana na jina kama yeye.

Aliletwa kwetu bibi harusi, mwaka hamsini na mbili, kutoka wilaya ya jirani, ambako nasikia nyumba huitwa kwa majina ya wanaolala ndani. Orlin Sathre, mume wake, alikuwa mtu wa hapa hapa, mrefu, mkimya, mchapakazi. Kwao hasa ni magharibi ya kata, upande wa chini, ambako theluji ikiyeyuka maji yanatuama mpaka Juni, bata wanashangilia na wakulima wanashika tama. Alipotaka kuoa alinunua shamba huku juu, mashariki, kwenye udongo mweusi, kwa mzee Kvale aliyekuwa amechoka na ng'ombe. Mzee akahamia mjini na mkewe. Jina likabaki.

Jumapili ya kwanza, kwenye chumba cha chini cha kanisa, akina mama walimzunguka LaVonne na vikombe vyao. Mmoja akamwambia kwa furaha, "Ah, kumbe ndiye wewe wa kwa Kvale!"

LaVonne akajibu kwamba yeye ni Sathre. Wakamwambia ndiyo, wanajua, wakamwongezea keki. Alidhani amewasahihisha. Maskini, alikuwa mgeni.

Pengine angezoea, kama wote tulivyozoea, lakini Kvale alikuwa na binti. Marlys Kvale alikuwa na sauti ya kwaya na shingo ndefu, na kiangazi kimoja kizima Orlin alikuwa akimpeleka dansini kila Jumamosi. Kisha Marlys akaolewa na muuza viatu, wakaenda zao California. Hiyo ndiyo hadithi yote, haina zaidi. Sasa nani alimwambia LaVonne? Hegdal hakuna anayesema, lakini kila mtu huishia kuambiwa.

Basi tangu hapo kila aliyetamka "kwa Kvale" alikuwa kama amemtia kidole jichoni. Alimfanya Marlys mke mwenza. Mke mwenza wa ajabu, hali, halali, hadai nguo, na bado nyumba ni yake. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kulikuwa na alama za penseli, za kumpima Marlys urefu tangu utotoni. LaVonne alizipaka rangi nyeupe kabla hata hajafungua masanduku yake. Chini ya dirisha la chumba cha kulala kulikuwa na kichaka cha maua ya zambarau aliyoyapanda mama yake Marlys. Alikikata kwa shoka. Mwaka uliofuata kikachipua, kinene zaidi. Akakikata tena. Wivu wake ulikuwa na ratiba: kila Mei, akimaliza kupanda viazi, anachukua shoka.

Siku moja alimuuliza Orlin kwa nini alinunua shamba hili na si lingine. Alinisimulia mwenyewe, tukiwa tunamenya mapea kwangu. Orlin alifikiri, akatafuna, akameza, akasema, "Lilikuwa linauzwa."

"Umesikia jibu hilo?" LaVonne aliniuliza. "Mtu asiye na la kuficha anajibu hivyo?"

Nilimwambia mtu wa Hegdal asiye na la kuficha hujibu hivyo hasa. Hakunisikia. Nilimwambia pia, kwa kuwa nilimjua Orlin tangu shuleni, kwamba mwanamume yule alikuwa haangalii kitu mara mbili isipokuwa mawingu. Akaniambia mimi namtetea kwa sababu ni mwenzetu.

Alipigana kwa njia zote. Aliweka sanduku la barua kubwa kuliko la kanisa, na jina la Sathre ubavuni kwa rangi nyekundu. Simu ikilia alikuwa hasemi halo, anasema "Sathre!" kama anayemkaripia mbwa. Dwight, mwenye duka la chakula cha mifugo, alikuwa akipiga na kuuliza kama ni kwa Kvale ili alete pumba, naye humkatia simu. Dwight anapiga tena, anauliza vile vile, kwa upole ule ule. Hakuwa na ubaya. Angeliitaje shamba kwa jina la mwenyewe, ikiwa mwenyewe bado yuko hapo?

Na kata ilikuwa inampa Marlys wenzake kila mwaka. Nilipokuwa msichana kila njia panda ilikuwa na shule, na huwezi kwenda maili moja bila kupita nyumba nne zenye watoto uani. Sasa mashamba yanaungana, vijana wanakwenda Minneapolis, nyumba zinabomolewa, vinabaki vile vichaka vya miti ya kuzuia upepo, vimesimama katikati ya mahindi vikikinga hewa tupu. Kila kichaka tuna jina lake. Tulikuwa tukipungua sisi, wao wanazidi. LaVonne alikuwa akisema Hegdal ina wakazi wengi sana, ila wengi wao hawalipi kodi.

Kisha Marlys akaja.

Ilikuwa kiangazi, kanisa linatimiza miaka mia, na waliohama walirudi kwa magari yao ya kukodi. Marlys alikuwa amenenepa, ana miwani ya jua, amependeza. Alisimamisha gari uani kwa LaVonne bila kupiga simu, akasema anataka tu kuyaona maua ya mama yake. Akaonyeshwa kisiki chenye machipukizi. Orlin akatoka bandani akijifuta mikono, akasema, "Marlys." Naye akasema, "Orlin." Wakazungumza habari za mvua, kisha Marlys akaondoka. Kabla hajafunga mlango wa gari alimwambia LaVonne, kwa moyo safi kabisa, "Nyumba yetu mmeitunza vizuri."

LaVonne alikuja kwangu siku hiyo hiyo, akiendesha kwa kasi mpaka vumbi lake likaja kutua kwenye nguo nilizoanika.

"Nyumba yetu," aliniambia. "Nyumba yetu! Na ungesikia alivyolitaja jina lake."

"Nani? Orlin? Alilitajaje?"

"Marlys."

"Sasa angesemaje, mwenzangu? Si ndilo jina lake?"

Alinitazama kana kwamba na mimi nimehamia California. Kisha akaapa, mbele ya meza yangu na keki yangu, kwamba jina la Kvale halitatoka kinywani mwake tena maadamu yu hai. Nilicheka. Kila mtu huapa kitu kwenye meza yangu.

Aprili iliyofuata, theluji ilikuwa inayeyuka na ukungu umelala juu ya kata yote, mzito, huoni hata sanduku lako la barua. Simu ya moto ikalia jikoni kwetu. Siku hizo Milford alikuwa mmoja wa wazimamoto wa kujitolea, na simu hiyo ilikuwa inalia kwenye nyumba kadhaa kwa pamoja, anayewahi ndiye anayepiga king'ora. Milford aliwahi. Nilikuwa nimesimama karibu yake, nikaisikia sauti ya LaVonne ikitoka kama anayekimbia.

"Banda la kwa Sathre linaungua!"

Akakata.

Hebu fikiri kama mtu wa hapa. Kwa Sathre ni wapi? Kwa Sathre ni kule chini, magharibi, alikozaliwa Orlin. Hakuna aliyeishi kule tangu mama yake azikwe, kwa hiyo ndiyo hasa kwa Sathre. Banda la zamani lilikuwa bado limesimama, na Orlin alikuwa anaweka humo nyasi zake kavu za ng'ombe. Nyasi zikishika unyevu hujiwasha zenyewe, kila mkulima anajua. Na nani wa kupiga simu banda hilo likiungua, kama si mke wa Orlin? Hakuna hata mmoja aliyesita. Wanaume waliacha uji na ng'ombe wao, gari la zimamoto likaondoka mjini likipiga kelele, wote wakaelekea magharibi.

Mimi nilijaza birika la kahawa nikawafuata. Barabara ya kule mwezi wa nne si barabara, ni uji. Nilipofika gari la zimamoto lilikuwa limezama mpaka ekseli, na wanaume wamesimama kwenye matope, wakilitazama banda. Banda lilikuwa limesimama zima, baridi, njiwa wamekaa juu ya paa. Upepo ukageuka kidogo, ukatuletea harufu kutoka mashariki. Milford akavua kofia.

"Kwa Kvale," akasema.

Nilimwona akijuta kulitamka.

Kulivuta gari lile kulihitaji matrekta mawili. Tulipofika kwa LaVonne paa lilikuwa limeshaanguka. Ng'ombe walikuwa wametawanyika kwenye ukungu wakilia, si wote. Wale wa mwisho kabisa, upande wa ndama, hawakutoka. Orlin alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono yake imetumbukizwa kwenye beseni la maji ya theluji, na ngozi ya mikono ile sitaki kuisimulia. LaVonne alikuwa amesimama nyuma yake, nywele zimeungua upande mmoja. Walikuwa wameingia na kutoka, wawili peke yao, wakifungua minyororo ya ng'ombe mmoja mmoja na kusikiliza king'ora kikiwapita upande wa kaskazini na kwenda mbali.

Wazimamoto walimwaga maji juu ya makaa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Hakuna mahali watu wanajua kunyamaza kama kwetu, na siku ile kunyamaza kwetu kulikuwa na adabu ya kikatili. Kila mmoja alimpita akamgusa bega. Ningekuwa yeye ningeona afadhali wanitukane.

Basi nikasema mimi. Sina adabu hiyo, na nilikuwa na hasira. Nilikuwa nikiwajua ndama wale.

"LaVonne, ulisema kwa Sathre."

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi. "Si ndiko ninakoishi?"

Ni kweli, ndiko alikokuwa akiishi.

Orlin aliinua kichwa. Sura yake ilionyesha kwamba sasa ndiyo anaelewa kwa nini king'ora kilikwenda kule kilikokwenda. Nikajiambia, leo atamfokea, na atakuwa na haki. Alimtazama mkewe, mikono ndani ya beseni.

"LaVonne," akasema. "Kule kwetu maji yanatuama."

"Nini?"

"Maji. Yanatuama. Hapa hayatuami." Akapumua. "Ndiyo maana nilipanunua. Hakuna kingine. Hakukuwa na kingine."

Kwa Orlin hiyo ilikuwa hotuba. LaVonne alipiga magoti kwenye matope, akaweka paji la uso kwenye goti lake, akalia kwa sauti. Wanaume wote waligeuka wakaanza kukagua mipira ya maji iliyokuwa haina tatizo lolote. Na mimi, nitasema ukweli, nililiona goti lile nikamwonea wivu. Milford hajawahi kunieleza kwa nini alinunua chochote.

Majirani waligawana ng'ombe wakawakamua kwenye mabanda yao mpaka mikono ya Orlin ikapona. Kila jioni mtu alileta bakuli la nyama na viazi. Kufika vuli banda jipya lilikuwa limesimama, jekundu, refu, na siku ya mwisho Orlin alimwita mchora mabango kutoka mjini. Akamwagiza aandike juu kabisa, upande wa barabara, kwa herufi ndefu kama mtu: O. NA L. SATHRE. Kata yetu imelala kama meza. Herufi zile zilikuwa zinasomeka maili mbili. LaVonne alitoka na kiti cha jikoni, akakaa uani akizisoma mpaka giza likaingia.

Wiki iliyofuata muuza mbegu mgeni alisimama dukani akaulizia njia. Nilikuwepo. Dwight akamwelekeza vizuri kabisa: "Nenda moja kwa moja, ukifika kwa Kvale utapajua, banda limeandikwa Sathre."

Sikumpelekea LaVonne habari hiyo. Aliipata kwa wengine. Alisaga meno, lakini shoka lilibaki stoo mwaka ule na uliofuata, na kichaka cha chini ya dirisha kikapata nafasi ya kutoa maua.

Orlin alikufa miaka mingi baadaye, mwezi wa kuvuna, akiwa ameketi kwenye trekta lililozimwa. Mtoto wao anafanya kazi Denver na hakutaka ng'ombe. Shamba likauzwa kwa vijana wawili kutoka Iowa, mke na mume, akina Bruggeman, na LaVonne akahamia mjini, kwenye nyumba za wazee karibu na maghala ya nafaka. Nilikuwa naenda kwake kila Alhamisi. Majira ya baridi ya kwanza hayajaisha, nikamsikia Dwight, mzee sasa, akimwambia mtu pale dukani kwamba pumba zile ni za Bruggeman, wale wa kwa Sathre.

Niliacha vitu vyangu kaunta nikaendesha moja kwa moja kwa LaVonne.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Nani kasema?"

"Dwight."

"Dwight yule yule?"

"Yule yule."

Akacheka mpaka akashika meza. Uso wake ukawa wa yule bibi harusi wa chumba cha chini cha kanisa. Kisha kicheko kikamkauka, akatazama dirishani, kwenye ukuta wa ghala la nafaka.

"Orlin hakusikia," akasema.

Miaka michache baadaye, masika, alikuja Janelle Bruggeman, yule mke kijana, amebeba keki kwenye sahani iliyofunikwa. Alikuwa na adabu, na mashavu yamemuiva kwa hasira aliyoikalia njia nzima. LaVonne alimuuliza maswali kabla hajaketi: wanalala chumba kipi, meza ya jikoni wameiweka upande gani, nani aliwaambia wabadilishe mapazia. Kila jibu lilimchoma, nilimwona. Alikuwa ameuza nyumba lakini alikuwa hajaacha kuilinda.

Mwishowe Janelle akalitoa. Alisema miaka inakwenda, wamepanda, wamevuna, amezaa mtoto pale, na bado kila mtu anamwita wa kwa Sathre. Alisema anaomba ruhusa wapake rangi yale maandishi ya bandani.

"Pakeni," LaVonne akasema. "Haitasaidia."

"Lakini ni kwetu sasa, Bi LaVonne."

"Nisikilize, mwanangu. Paka rangi, weka sanduku la barua kubwa kama jeneza, fanya utakavyo. Lakini siku moto ukitokea, ukashika simu, sema kwa Sathre. Usilete kiburi. Mimi nilileta."

Janelle alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amesikia habari za ndama, kumbe, akashusha sauti.

"Na kwa Bruggeman itakuwa lini?"

"Siku utakayoondoka."

Tulikunywa kahawa. Keki ilikuwa nzuri, LaVonne akasema ni kavu kidogo. Alipomsindikiza yule binti mlangoni alikuwa amelainika, amemshika mkono, na mimi nikajisemea kwamba sasa, katika uzee wake, mwenzangu amepoa. Akamuuliza kama kile kichaka cha chini ya dirisha bado kipo.

"Yale maua ya Kvale?" Janelle akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mwaka huu yamefika mpaka juu ya dirisha."

LaVonne aliuachia mkono wake.

"Shoka liko stoo," akasema, "nyuma ya mlango."